Hotuba ya Mwenyekiti: Gari Letu na Hesabu ya Kilometa



 Yupo mwenzetu tuliyeanza naye mwaka 2015 ambaye leo hatunaye. Tunaomba tusimame kidogo kwa ajili yake. Ahsanteni, tukae.

Taarifa ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii itasomwa na Mweka Hazina, na imechapwa humu kijitabuni, kwa hiyo hatutairudia. Kamati ilitaka Mwenyekiti azungumzie historia ya kikundi. Tulipokaa kuiandika historia hiyo tuliona kila tukigeuka tunakutana na gari. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa gari, hasara yetu kubwa ilikuwa ya gari, na faida iliyotuvusha ni ya gari. Basi tumeamua tuzungumze juu ya gari tu, na hasa juu ya ile mita inayohesabu kilometa, maana ndiyo iliyotuingiza mkenge. Wapo hapa wageni kutoka vikundi jirani wanaokusanya fedha zao wanunue Hiace kama sisi. Wasikilize, kisha wakasimuliane.

Ndugu Mgeni Rasmi, wanachama wetu ni wauza mitumba hapa Karume, mama lishe, wauza nyanya na vitunguu soko la Ilala, na wachache wenye vibanda Kariakoo. Kila mmoja alikuwa akilipia mzigo kivyake. Mkokoteni huku, Kirikuu kule, na mwenye nyanya kutoka Morogoro anasubiri nafasi kwenye lori la mtu mpaka mzigo unaanza kuvuja maji. Tukasema, si tununue gari letu? Mwanzoni mwa 2016 tukaanzisha mfuko wa gari, shilingi 2,000 kila mtu kila wiki, nje ya hisa. Tulikuwa watu 30. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa wiki, na kwa mwaka inafika 3,120,000. Ilituchukua miaka minne kufikisha milioni 12. Miaka minne, jamani. Kuna mwenzetu alikuwa akitoa ile elfu mbili kwa sarafu alizookota chini ya meza yake ya maandazi.

Kwa nini dizeli? Kwa sababu mzigo wetu ni mzito na safari ni ndefu. Injini ya dizeli inavuta mzigo bila kupiga kelele ya kuchoka, inakula mafuta kidogo kuliko ya petroli kwa kazi ileile, na ikitunzwa inakaa miaka. Wa umri wetu mnakumbuka vile vipanya vya miaka ya tisini, vilivyokuwa vikijaza watu mpaka mlangoni. Vingi vyake vilikuwa dizeli, na vingine bado tunavionana navyo njiani. Tena wenyewe Wajapani walianza kuyakimbia. Tarehe 1 Oktoba 2003 jiji la Tokyo na mikoa mitatu ya jirani walikataza magari ya kazi ya dizeli yanayotoa moshi mchafu kupita kiwango, na mengi yakatafutiwa wanunuzi nchi za nje. Kwa hiyo Hiace ya dizeli ya zamani kwa huku kwetu si kitu cha kutafuta kwa tochi. Shida ni kujua imetembea kiasi gani.

Januari 2020 tukanunua. Tutasema ukweli wote, maana tumeshazeeka kuona haya. Gari lilikuwa la mwaka 1997, injini ya 3L, ile ya lita 2.8, namba C. Rangi inang'aa. Mita ilisoma kilometa 87,400. Muuzaji hatutamtaja, na hata tukimtaja hamtampata. Alituambia, "Mama zangu, hili gari lilikuwa linapeleka watoto shule tu." Tukaingia ndani, tukanusa harufu nzuri, tukaangalia mita, tukaangaliana. Hesabu tuliyofanya ilikuwa moja tu: mkanda wa taimingi wa injini hii hubadilishwa kila kilometa 100,000, sasa tuna 87,400, basi bado tuna 12,600 kabla ya kuingia gharama. Tuliona tumepata na ziada.

Hesabu ambayo hatukuifanya ni hii. Mwaka 1997 mpaka 2020 ni miaka 23. Gawa 87,400 kwa 23, unapata 3,800 kwa mwaka. Gawa tena kwa siku 365, unapata kilometa kumi na kidogo kwa siku. Kutoka hapa Mchikichini kwenda Ubungo na kurudi haitoshi. Gari la kazi, miaka 23, halijafika Ubungo na kurudi? Hesabu hiyo ni ya darasa la tano, na sisi tulimaliza la saba. Lakini macho yakishapenda, kichwa kinakwenda likizo.

Tukalifanyia kazi. Safari mbili kwa wiki kwenda Morogoro kuchukua nyanya. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilometa 190, kwenda na kurudi na mizunguko ya mjini tuliweka 390. Mwezi wa tano mwaka huohuo, gari likitoka Chalinze na tenga za nyanya, injini ikatoa mlio mmoja kama bati limepigwa nyundo, ikazima. Dereva akajaribu kuwasha, inazunguka bila uzito. Wanaojua injini wamekwisha elewa. Mkanda wa taimingi ulikatika, valvu zikagonga pistoni, basi. Nyanya zilimwagwa pale barabarani. Mita ilikuwa haijafika hata 98,000.

Injini ilifunguliwa Gerezani. Fundi alipokuwa akifuta grisi karibu na kifuniko cha mkanda, kidole chake kikakutana na karatasi ndogo imegandamana. Akaisafisha kwa mafuta ya taa, akatuita. "Mama, njooni muone. Mita imewadanganya." Ilikuwa stika ya Kijapani. Wale wenzetu wana tabia nzuri, fundi wao akibadilisha mkanda anabandika karatasi penye injini, anaandika tarehe na kilometa. Hii iliandikwa H20, kilometa 203,118. Fundi akatueleza kwamba Wajapani huandika mwaka kwa kuhesabu utawala wa mfalme wao. H20 unajumlisha 1988, unapata 2008. Magari ya kuanzia 2019 yanaandikwa R, hapo unajumlisha 2018. Basi mwaka 2008 gari letu lilikuwa limetembea 203,118 kwao Japani, kabla hata halijaiona bahari. Kilichofuata miaka yote ya hapa Dar Mungu ndiye anayejua. Tena akawasha swichi bila kuwasha injini, akatuonyesha dashibodi. Hiace za dizeli zina taa ndogo imeandikwa T-BELT. Ukifungua swichi inatakiwa iwake pamoja na taa za oili na betri, halafu injini ikiwaka izime. Gari likifika kilometa 100,000 inawaka na kubaki, ili mwenye gari ajue mkanda umefika wakati, na mkanda ukishabadilishwa fundi anairudisha mwanzo. Ya kwetu haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa ametoa balbu.

Ndugu wanachama, mnakumbuka kikao cha wiki ile. Wageni hawajui, lakini mliokuwepo mnajua maneno yaliyosemwa. Kuna aliyesema viongozi tumekula pamoja na dalali. Kuna aliyetaka fedha yake yote irudishwe hapo hapo, wakati fedha yenyewe imelala Gerezani imefunguliwa vipande vipande. Wenzetu wawili waliondoka kikundini, tukabaki 28. Hatuwalaumu. Tulikwenda kununua kitu cha milioni 12 tukiwa na imani tu, hatukuchukua fundi kwa sababu fundi alitaka shilingi 50,000 na sisi tuliona ni nyingi. Kosa hilo lilikuwa la Kamati, na Mwenyekiti alikuwemo. Tulilisema siku ile na tunalisema tena leo, liandikwe humu.

Injini nyingine ya mtumba na kuifunga ilikuwa milioni tatu na laki mbili. Hatukuwa nazo. Ikabidi tuuze gari kama lilivyo. Na hapa kuna jambo ambalo halijawahi kusemwa mbele ya wageni. Alikuja mtu akatushauri tutafute injini ya bei chee ya kuwaka tu, turudishe mita mpaka 70,000, tuuze kwa bei ileile tuliyonunulia. Kurudisha mita, alisema, ni kazi ya nusu saa. Tulilijadili. Tusijifanye malaika, tulilijadili siku mbili. Aliyelimaliza ni yule mwenzetu wa maandazi. Aliuliza, "Tutamuuzia nani? Si kikundi kingine cha akina mama?" Tukaliuza injini ikiwa nje, stika tumeiacha palepale, milioni nne na nusu. Mnunuzi alikuwa fundi, alijua anachonunua.

Tukaanza tena elfu mbili mbili. Ilikuwa wakati wa korona, biashara Kariakoo imelegea, wengine wanatoa kwa wiki mbili mbili. Mwezi wa saba 2021 soko kuu la Kariakoo likaungua, na wenzetu waliokuwa wakichukua mzigo pale wakahangaika. Hata hivyo kufikia Novemba 2021 tulikuwa na milioni tisa na laki tatu na ushei, tukakopa nyingine kutoka kwenye sanduku la hisa kwa masharti ya kurudisha na riba kama mwanachama yeyote. Safari hii tuliapa hakuna atakayeangalia mita mpaka mwisho.

Aliyetufundisha kuangalia hakuwa fundi wa magari, na wala hakuwa dereva. Ni mwenzetu muuza mitumba. Alisema, "Nikifungua belo siangalii lebo. Lebo inaweza kushonwa. Naangalia kola, naangalia kwapa, naangalia pindo la mkono. Mwili ulipogusa ndipo panaposema." Tukasema basi na gari tuliangalie kola na kwapa. Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Gari linachakaa pale mtu anapoligusa kila siku. Pedali za klachi na breki: raba yake ikilika upande mpaka chuma kinachungulia, huyo amekanyagwa sana. Usukani unakuwa laini na kung'aa pale mikono inaposhika. Kiti cha dereva kinabonyea upande wa mlango anaposhukia. Kichwa cha gia kinafutika namba. Mkanda wa kiti unaota vinyweleo. Mlango wa ubavuni unalegea kwenye reli, ukiuvuta unacheza juu chini. Kioo cha mbele, ukikitazama jua likiwa upande wa pili, kinaonyesha vidoa vidogo vya changarawe vilivyopigwa barabara kuu. Vitu hivi vyote havina mahali pa kurudisha mita.

Lakini muuzaji mjanja naye anajua kola iko wapi. Magari mawili yalifika mwisho wa mashindano, bei yake inalingana, milioni 13 na nusu. Moja mita yake 96,000, jingine 214,600. La 96,000 lilikuwa zuri kwa macho. Tuliinama kwenye pedali, tukakuta raba zote tatu mpya kabisa. Usukani umevalishwa ngozi mpya. Kiti cha dereva kimeshonwa upya na kile cha abiria pembeni yake ni cha zamani. Muuza mitumba wetu akasema polepole, "Mbona soksi mpya kwenye mguu wenye magaga?" Tukaendelea. Ndani ya mlango, pale rangi haikufika vizuri, ukaonekana mstari wa rangi nyingine, ule mstari wa njia unaopakwa kwenye daladala za mjini. Sakafuni kulikuwa na matundu ya boliti yaliyozibwa, yaani viti viliongezwa. Ngazi ya mlangoni imelika katikati kama jiwe la kunolea. Hapo tukajua konda mangapi wamesimama pale. Daladala haliwezi kuwa na 96,000. Sisi wenyewe kwa safari zetu mbili za Morogoro kwa wiki, wiki 50, tungemaliza karibu 39,000 kwa mwaka mmoja.

Fundi tulimlipa safari hii, tena tulimlipa kabla, ili asiwe na njaa ya kufurahisha upande wowote. Alitufundisha mambo ambayo tumeyaweka kwenye daftari la kikundi. Tutasema machache.

Nenda alfajiri, saa kumi na mbili asubuhi, bila kumpa muuzaji nafasi ndefu ya kujiandaa. Kabla ya kuwasha, weka mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika, na kuna sababu. Lile la 96,000 tulilikuta la moto kama chungu cha wali. Dizeli iliyochoka ni ngumu kuwaka ikiwa baridi, inatapatapa, inatoa moshi mweupe mwingi, ikipata joto inajifanya mzima. Moshi nao una lugha yake. Wa bluu ni oili inaungua, ringi au valvu zimechoka. Mweusi unaoendelea hata bila kukanyaga ni mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, inaweza kuwa nozeli, pampu, au chujio la hewa limeziba tu, kwa hiyo usikimbie bila kuuliza. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni wa kuogopa, huenda maji yanaingia kwenye silinda.

Halafu fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Kikipumua kidogo si neno. Kikipiga kama chupa ya bia iliyotikiswa, nguvu za silinda zinavujia chini, ringi zimekwisha. Oili yenyewe kuwa nyeusi msiogope, oili ya dizeli hubadilika rangi mapema baada ya kumwagwa mpya. Ogopeni zaidi ikiwa nzito kama asali, maana kuna watu huweka oili nzito ili injini ichelewe kugonga mpaka fedha zihesabiwe.

Na kipimo chenyewe cha kumaliza ubishi ni kupima kompresheni. Fundi anatoa plagi za kupashia moto, anafunga geji, anazungusha injini, silinda moja moja. Injini hizi za Toyota za dizeli zikiwa nzima zinasoma karibu 32 kwa kilo, zikishuka chini ya 20 zinahitaji kufunguliwa, na silinda moja isipishane na nyenzake kwa zaidi ya 5. La kwanza, lile zuri, lilisoma 22, 21, 16, 22. La 214,600 lilisoma 27, 26, 27, 25. Mwenye gari lile zuri alituambia geji yetu mbovu.

Karatasi nazo tulizisoma, japo muuzaji alikuwa akituangalia kama tunamchelewesha. Gari lililotoka Japani lina cheti chake cha kuondolewa kwenye daftari la kwao ili lisafirishwe, na mle mita yake imeandikwa. Waulizeni wauzaji wawape nakala. La 214,600 lilikuwa nacho: mwaka 2009 lilitoka likiwa na 121,300. Lilikuwa la mwaka 2001, injini ya 5L ya lita tatu, na stika yake ya mkanda inasema H19, kilometa 104,000, yaani mwaka 2007. Tukapanga: 2007, 104,000, 2009, 121,300, 2021, 214,600. Namba zinapanda ngazi moja baada ya nyingine, hakuna aliyeruka. Yapo pia magari yenye karatasi ya mnada wa kule, yenye daraja. R maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Tukalinganisha na kadi ya gari namba ya injini na ya chesesi. Hili msilidharau. Magari mengi ya hapa mjini yamekwisha kubadilishwa injini, na gari likishabadilishwa injini mita yake inahesabu bodi tu, haijui moyo ulitoka wapi. Na zile herufi za namba za usajili, C, D, E, zinakuambia lini gari liliandikishwa hapa nchini. Umri wake hazikuambii. Gari kuukuu linaweza kuingia juzi na kupewa herufi ya juzi.

Zipo pia mita za kisasa, za tarakimu za taa. Wengine hudhani hizo haziguswi. Zinaguswa kwa kompyuta, tena bila alama. Zile za magurudumu ya zamani angalau tarakimu zikichezewa mara nyingi hazikai mstari mmoja, na za tarakimu tano zikifika 99,999 zinarudi sifuri zenyewe, mtu hata hahitaji kusema uongo, anakaa kimya tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, pamoja na yote hayo kikao cha kuamua hakikuwa chepesi. Nani anataka kununua gari la kilometa laki mbili na kumi na nne kwa bei ya la tisini na sita? Kuna mama alisimama akasema, "Tulidanganywa na namba ndogo, sasa tunataka kujidanganya na namba kubwa." Ni hoja. Tulimjibu kwamba hatununui namba, tunanunua 27, 26, 27, 25. Tulipiga kura kwa punje za mahindi na maharage: mahindi kwa la 214,600, maharage kwa jingine. Mahindi 15, maharage 13. Tofauti ya watu wawili tu. Usiku ule Kamati haikulala.

Siku tuliyolipa tulilipeleka Gerezani moja kwa moja, mkanda wa taimingi ukabadilishwa, na tensheni yake, na pampu ya maji, bila kuuliza mita inasema nini. Vifaa tulinunua Mtaa wa Shaurimoyo, tukaondoka na vile vya zamani mkononi ili tujue kweli vimebadilishwa. Fundi akabandika karatasi. Tuliomba aandike kwa Kiswahili.

Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Januari 2022, soko letu la Karume likaungua. Hakuna wa Mchikichini asiyeikumbuka asubuhi ile. Kumi na mmoja wetu walipoteza meza na mzigo, wengine belo hawajazifungua hata kamba. Gari lilifanya kazi wiki mbili bila nauli, kuhamisha kilichobaki, kupeleka watu, kuleta mbao na mabati. Katika wiki hizo hakuna aliyeuliza mita. Ila tulikuwa tukikaa pale nje usiku tukiwaza: lingekuwa lile la kwanza, au lile la soksi mpya, likatufia siku zile, kikundi hiki leo kisingekuwepo cha kusherehekea. Deni la sanduku tulilimaliza Agosti 2023, na yule mama wa hoja ndiye sasa msimamizi wa gari.

Msimamizi ana daftari. Kila safari dereva anaandika mita ya kuondoka na ya kurudi, mafuta aliyoweka, na mzigo wa nani. Oili inabadilishwa kila kilometa 5,000 na tarehe inaandikwa. Mkanda ulibadilishwa tena mwaka 2024, kwenye 314,000. Daftari hilo ndilo lililowanasa madereva wawili waliokuwa wakifanya safari zao za usiku, maana mita ya jioni na ya asubuhi zilikuwa hazisalimiani. Mmoja tulimsamehe, mwingine alitukana.

Leo asubuhi mita imesoma 361,240. Mlango wa ubavuni umeanza kucheza, na raba ya pedali ya klachi imelika upande wa kushoto. Tumekataa kuibadilisha. Mwakani, wanachama mkikubali, tutaliuza na kununua jingine, na atakayelinunua atapewa na madaftari yote manne.

Gari lipo pale nje chini ya mwembe, boneti tumeiacha wazi. Wageni wa vikundi jirani mnakaribishwa kuinama mwangalie, fundi wetu yupo na geji yake. Ila tunaomba mfanye hivyo kabla ya saa kumi, kwa sababu linatakiwa kurudisha viti hivi Ilala.